Kutoa pawa stelingi kwenye gari nyepesi ya kujiundia: niunge mipira tu, au reki ifunguliwe?

Kijana wa Fumba

Assalamu alaykum mafundi.

Kuna gari ya kujiundia hapa Fumba, Unguja, inakaribia kushuka chini. Viti viwili, chesisi ya paipu za mraba 25 kwa 25, unene milimita 1.6. Injini ni 4A-FE ya Toyota na giaboksi yake, zimekaa nyuma ya viti. Mbele kote ni vitu vya Corolla ile ile ilikotoka injini, ya miaka ya 90, pamoja na reki ya stelingi (ile yenye fimbo ya meno inayogeuza matairi), na reki yenyewe ni ya pawa ya mafuta. Uzito wa gari tupu kwa hesabu ya karatasi ni kilo 640, mbele sidhani kama utapita 260. Tairi 185/60 R14, usukani wa sentimita 30.

Sitaki kuvuta mpira wa presha kutoka injini ya nyuma hadi mbele, kwa hivyo pampu haitofungwa kabisa. Ninachouliza: nikiunga matundu ya reki kwa kipande cha mpira, mafuta yakazunguka humo humo, inatosha? Au reki lazima ifunguliwe? Nimeambiwa ndani mna kitu cha kuchomea, na kuchomea kitu cha stelingi kunanitia wasiwasi. Na upande wa injini, ukishatoa pampu kuna cha kuziba? Gari itatembea Fumba na mjini, mara moja moja Paje.

Spana 14, Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam. Unga mipira tu ndugu yangu, usijitafutie kazi. Kwenye nyumba ya valvu, ile inayoelekeza mafuta, kuna paipu mbili nyembamba zinazokwenda kwenye silinda ya reki, moja ya kugeuza kushoto, moja ya kulia. Zitoe. Matundu mawili ya silinda yaunge kwa mpira unaohimili mafuta, ndani acha kidogo ATF, yaani mafuta ya stelingi. Matundu manne ya valvu ziba kwa bolti na washa za shaba. Kazi ya saa moja, na kwa kilo 260 mbele itageuka bila shida.

Mkereza, Wete

Itageuka, hilo kweli. Na ndugu yetu ameunga mahala panapostahili, maana wengi huunga tundu la presha na la kurudishia pale kwenye valvu, wakaziacha zile paipu mbili zilivyo. Ukifanya hivyo mafuta hulazimika kupita ndani ya valvu, na valvu hujibana kila unapotia nguvu kwenye usukani. Unapohitaji wepesi ndipo inapokaza.

Lakini hata ukiunga silinda kwa silinda, mambo mawili yanabaki, na kwenye gari nyepesi yote mawili utayasikia mikononi.

La kwanza ni msuguano. Katikati ya fimbo ya reki kuna pistoni yenye pete ya tefloni, na chini ya pete kuna oringi, pete ya mpira, inayoisukuma ibane ukuta wa silinda. Kila ukigeuza, pete inakwaruza na unasukuma mafuta kutoka upande huu kwenda ule kupitia tundu dogo. Gari nzito haijali. Gari yenye kilo 260 mbele, ile nguvu ndogo inayorudisha matairi katikati baada ya kona inaliwa na msuguano huo. Usukani unabaki ulipouacha, na barabara huisikii.

La pili ni mchezo. Pawa ya mafuta inajua unageuka wapi kwa sababu shafti ya juu, inayotoka kwenye usukani, haikushikana moja kwa moja na pinioni, gia ndogo inayoisukuma fimbo ya reki. Baina yao kuna toshenba, kijiti cha chuma kinachojisokota kidogo, na kule kujisokota ndiko kunakofungua valvu. Pampu ikiwepo hukusikii. Pampu ikitoka, unageuza usukani nyuzi kadhaa kabla chuma hakijagonga chuma na pinioni kuanza kazi. Kiusalama haidondoki, kwani pana kizuizi cha chuma ndani, lakini kwenye mwendo wa kilomita 80 gari inayumba na wewe unaifukuza.

Kwa hivyo jibu langu: ifungue. Au tafuta reki ya mkono. Corolla za enzi hizo ziliuzwa pia bila pawa katika baadhi ya masoko, na ukiipata kwenye gari ya kuvunjwa ni bora kuliko kazi yote hii. Kabla hujalipa linganisha vitu vitatu: umbali baina ya vichwa vya reki endi mbili (viungo vya ncha za fimbo ya reki), nafasi ya bolti za kufungia, na idadi ya meno ya shafti ya juu. Umbali wa reki endi ukipishana, matairi yatajigeuza yenyewe gari ikipanda na kushuka kwenye matuta.

Ukiamua kuifungua hii uliyonayo, utaratibu ni huu.

Weka reki katikati kabisa, piga alama kwenye shafti ya juu na kwenye nyumba yake. Toa mipira ya vumbi. Kuna kipaipu chembamba kinachounganisha mpira wa kushoto na wa kulia, usikitupe hata kidogo. Kwenye reki ya pawa hewa haipiti ndani ya silinda, inapita kwenye kipaipu hicho. Ukikikosa, mpira mmoja unajaa upepo na mwingine unanywea kila kona, mwisho inapasuka.

Fungua reki endi kwa spana mbili. Ile ya pili ishike fimbo yenyewe upande wa meno, usiitegemee pinioni, utavunja meno. Washa za kufungia reki endi ni za matumizi ya mara moja, nunua mpya. Kisha fungua loknati kubwa iliyo mgongoni mwa pinioni, toa kifuniko, springi na kile kigogo kinachoisukuma fimbo. Fungua nati ya chini ya pinioni, halafu bolti za nyumba ya valvu, vuta pinioni na valvu kwa pamoja. Mwisho toa kizuizi cha upande wa silinda, fimbo itatoka na sili yake na bushi.

Pete ya pistoni ikate kwa wembe, toa na oringi iliyo chini yake. Pistoni yenyewe iache, bila pete haigusi ukuta. Sili ya ndani, ile ya upande wa pinioni, toa. Bushi ya mwisho wa silinda usiiguse, hiyo ndiyo inayobeba fimbo upande huo, na ukiitoa fimbo inaning'inia. Zile pete za tefloni zilizozunguka valvu zikate zote, nazo zinabana. Sili ya juu kabisa ya shafti ibaki, inazuia maji.

Baada ya hapo safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, upake grisi ya lithiamu yenye molibdeni kwenye meno, kwenye bushi na kwenye fimbo nzima. Gramu 60 hadi 80 zinatosha. Ukiijaza, grisi itakimbilia kwenye mipira ya vumbi. Usiache sehemu ya fimbo bila grisi eti kwa sababu haina kazi: kwa hewa hii yetu ya chumvi, silinda iliyokuwa na ATF ikabaki kavu hushika kutu ndani, na kutu hiyo inakula bushi.

Matundu ya silinda usiyazibe kwa kukaza kabisa. Moja lizibe, jingine tia kipande cha mpira kilichoelekezwa chini na sponji mdomoni.

ATF iliyotoka itie kwenye dumu. Unguja kusini ni jiwe la matumbawe, ukimwaga uani inakwenda kwenye maji ya kisima.

Kijana wa Fumba

Ahsante sana kaka. Reki ya mkono nitaitafuta, lakini nikiikosa nitafungua hii. Hebu nifafanulie ile welding. Inachomewa wapi, na kwa nini isikatike?

Mkereza, Wete

Una haki ya kuogopa, na kama fundi wako wa kuchomea anachomea mageti tu, usimpe kazi hii.

Ukishatoa pinioni na valvu, utaona koti la valvu limevaa kwenye shafti ya juu. Halina kazi tena. Likitoka, litoe. Likigoma, lipasuwe kwa grenda taratibu bila kugusa shafti, lakini kwanza hakikisha beringi ya juu inakaa kwenye shafti na si kwenye koti. Chini yake utaona shafti ya juu inavyoingia ndani ya mdomo wa pinioni. Ishike pinioni kwenye jiliwa yenye vipande vya shaba, tikisa shafti kwa mkono: ule mchezo unaouona hapo ndio tunaouondoa. Iachilie ijirudishe yenyewe katikati. Usiikandamize upande wowote, ukichomea ikiwa imejisokota itabaki hivyo.

Toa beringi na sili zote kabla ya moto. Meno ya pinioni yazungushie kitambaa kibichi. Bora TIG, ile welding ya gesi ya argoni. Kama ni welding ya fimbo, tumia fimbo za E7018 zilizokaushwa kwenye tanuri, maana fimbo hizo hunyonya unyevu na sisi tunaishi ndani ya unyevu. Unyevu ukiingia kwenye welding ya chuma kigumu huleta ufa unaojitokeza baada ya siku moja au mbili, si pale pale. Safisha ATF yote kwanza, tone moja likibaki welding inatoka na matundu.

Piga kipande kifupi, kama sentimita moja, kisha upande wa pili wake uso kwa uso, kisha ngoja ipoe kwa hewa mpaka uweze kuishika. Rudia mpaka mzunguko ufungike. Usimwage maji juu ya welding, utaifanya iwe kama kioo. Na tazama rangi: meno yakigeuka buluu, joto limefika kama nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu wa chuma umeanza kutoka. Pinioni hiyo tupa, usijishauri.

Ikipoa kesho yake, ipake mafuta ya taa pale ulipochomea, iache robo saa, ifute kavu, kisha pakaa chaki iliyosagwa. Penye ufa mafuta yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Halafu ifunge kwenye mashine ya kukereza uizungushe taratibu, uone kama imepinda. Ikipinda zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, utasikia usukani unakuwa mzito na mwepesi kwa zamu katika kila mzunguko.

Ukirudisha, yule kigogo wa mgongoni mkaze mpaka uanze kuhisi uzito, kisha rudisha kidogo, baina ya nyuzi 10 na 30 za mzunguko. Zungusha kutoka mwisho hadi mwisho. Meno ya katikati huwa yamelika kuliko ya pembeni, kwa hivyo ukikaza ukiwa katikati mpaka mchezo uishe kabisa, pembeni itakwama. Pima pembeni, ukubali mchezo mdogo katikati.

Alaimenti, Amani

Mkereza amemaliza ya reki. Ila uzito wa stelingi hautoki kwenye reki peke yake, na gari hii ina mambo mengine yatakayoifanya nzito hata ukifunga reki ya mkono mpya.

Usukani wa sentimita 30 utoe. Nguvu ya kilo 10 kwenye usukani wa sentimita 38 inakuwa kilo 12.7 kwenye wa 30. Hakuna kitu rahisi zaidi cha kubadilisha kwenye gari nzima. Na kumbuka reki za pawa huwa za haraka: kutoka mwisho hadi mwisho mizunguko kama 3, wakati za mkono huwa 3.5 hadi 4. Kwa hiyo reki ya pawa iliyotolewa pawa ni nzito kwa karibu theluthi kuliko ya mkono yenye mizunguko 4, kwa gari ile ile.

Tairi 185 kwa kilo 260 ni nyingi. 155 au 165 zinatosha, na zitashika vizuri zaidi kwenye mvua kwa sababu zina uzito wa kuzikandamiza. Upepo anza na psi 22 mbele. Usifuate kibandiko cha Corolla, kile ni cha gari yenye uzito mara moja na nusu. Chini ya 18 stelingi inakuwa nzito na tairi inalala kwenye kona.

Spesa kwenye rimu za mbele usitie. Ukiusogeza uso wa tairi nje, tairi linazunguka mbali na mstari wa boljointi, kila jiwe unalolikanyaga linakuvuta usukani. Kwenye pawa mafuta yalikuwa yanameza yale mapigo, sasa yatafika mkononi yote.

Kasta, yaani ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi la mbele linageukia, ukitazama gari kwa ubavuni, nayo ipime. Gari ya kujiundia mara nyingi pua inakaa juu au chini kuliko gari ilikotoka vitu, na mlalo huo unabadilika bila mtu kujua. Lenga nyuzi 2 hadi 3. Ikifika 5 au 6 usukani utarudi katikati kwa nguvu lakini utakuchosha kuegesha. Ikiwa chini ya 1 utakuwa mwepesi kama hauna kitu na gari haitajua njia iliyonyooka.

Halafu krosi za shafti ya usukani, vile viungo vya kupindia. Kwa injini ya nyuma huna cha kukwepa mbele, kwa hivyo inyooshe. Ukilazimika kutumia krosi mbili, pembe zao zilingane, zisizidi nyuzi 30, na uma za shafti ya kati zikae mlalo mmoja. Zikipishana, utapata uzito wa zamu zamu ukadhani ni ile welding.

Kijana wa Fumba

Nimeelewa vizuri. Huo uzito wa mbele napimaje kwa uhakika? Kilo 260 ni makisio.

Alaimenti, Amani

Mizani ya kupimia magunia, zile za majukwaa wanazopimia karafuu na mchele. Ukipata moja inatosha. Iweke chini ya tairi moja, matatu mengine yapandishe kwa mbao za kimo kile kile, vinginevyo uzito unakimbilia pembe nyingine na namba zinakudanganya. Mwenye gari akae kitini, tangi lijae nusu. Sukuma gari mbele na nyuma kidogo kabla ya kusoma ili springi zitulie, kisha hamisha mizani tairi kwa tairi. Jumlisha mawili ya mbele.

Spana 14, Mwanakwerekwe

Maelezo ya Mkereza nimeyakubali, hasa ule mchezo wa toshenba, kwa gari ya kasi kweli si mzuri. Kuunga mipira nabaki naona kunafaa kuisogeza gari uani wakati bado unaunda, ila usiitie barabarani hivyo.

Swali la injini halijajibiwa. Fuata mkanda kwa kidole kabla hujautoa. Kama unazungusha pampu ya stelingi peke yake, toa mkanda, pampu na bano lake, basi. Kama unapita pia kwenye pampu ya maji au alteneta, utahitaji puli ya bure mahali pa pampu, au mkanda mfupi zaidi. Pima kwa kamba njia mpya, ongeza nafasi ya kukazia. Hakikisha mkanda umekumbatia puli ya krenki na ya alteneta vya kutosha. Mkanda ukigusa kidogo tu utapiga kelele na betri haitochaji.

La pili ndilo linalowasumbua watu. Pampu za Toyota za miaka hiyo zina kivalvu kidogo chenye mipira miwili myembamba ya vakyumu inayokwenda kwenye manifoldi na kwenye njia ya hewa. Kazi yake ni kuinua silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, unapogeuza stelingi gari ikiwa imesimama. Ukitoa pampu ukaiacha mipira hiyo wazi, injini inanyonya hewa ya pembeni: silensa inapanda au inayumba, na fundi ataanza kusafisha throto na kubadilisha plagi bure. Ziba matundu yote mawili kwenye injini kwa vifuniko vya mpira na klipu, usizibe kwa kukunja mpira na waya. Injini nyingine badala yake zina swichi ya presha yenye waya. Hiyo chomoa, funga plagi yake kwa tepu ili chumvi isiingie.

Bolti za bano la pampu ukizirudisha kwenye bloku tazama kama zilikuwa zimeshika kitu kingine pamoja. Mara nyingine ile ile inabana bano la alteneta, ikiachwa alteneta inatikisika mpaka bano linapasuka.

Mkereza, Wete

Ahsante kwa hilo la vakyumu.

Kijana, kabla hujaipeleka barabarani, pima kwa mizani ya ndoano, zile za wauza samaki. Funga kamba kwenye ukingo wa usukani, ivute kwa kufuata duara huku gari ikitembea taratibu uwanjani, mwenzako akisoma. Kipimo cha kuaminika ni kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 79: kwa gari ndogo ya abiria isiyo na hitilafu, kuingia kona ya nusu kipenyo mita 12 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ndani ya sekunde 4, nguvu ya mkono isizidi daniutoni 15, yaani kama kilo 15 kwenye mizani yako. Gari ikiwa imesimama kwenye saruji itakuwa zaidi, hilo usilitie maanani. Ikizidi 15 ukiwa unatembea, usianze kufungua reki tena. Badili usukani, kisha upepo na upana wa tairi, kisha kasta, na kigogo cha mgongoni kiwe cha mwisho, kwa robo ya robo ya mzunguko.

Baada ya kilomita 500 za mwanzo irudishe juu ya jeki na stendi. Kagua loknati ya kigogo, loknati za tairodi, bolti za kufungia reki kwenye chesisi, na bolti ya krosi kwenye shafti ya juu, ile inayopita kwenye mfereji wa shafti. Papasa mipira ya vumbi kwa vidole mikunjo yote, maana mchanga wa pwani ukiingia kwenye grisi unakuwa msasa na unakula meno kimya kimya. Mpira uliopasuka badilisha siku hiyo hiyo, na ukiona grisi imeshashika mchanga, osha reki yote kabla ya kuvisha mpya.